Shitaye na kadi kumi na moja za mwaka 2022

Saa nne kasoro robo asubuhi, Jumapili, Shitaye Worku ameshagonga milango mitano katika mtaa wa Nabaa, Beirut, na hajampata Wubit anayemtaka.

Wubit wa mlango wa kwanza anatoka Wollo, Ethiopia, na amefungua akiwa na mswaki mdomoni. Wa pili ni mama wa watu, amepita miaka hamsini. Mlango wa nne Wubit yupo, ila ni paka.

"Huyo Wubit unamtafutia nini?" anauliza msichana wa mlango wa tano, kichwa kimefungwa taulo. "Kakuibia mume?"

"Mume sina. Angeniibia kazi yangu ya kuosha ngazi ningemshukuru."

"Basi ana nini huyo mtu?"

"Ana sauti nzito, ni wa Gojjam, anafanya kazi za ndani huko mlimani. Anashuka Jumapili moja ndiyo, moja siyo. Leo ni yake. Unamjua humjui?"

"Simjui. Mbona unahema hivyo? Ingia unywe kahawa."

Shitaye ameshafika ghorofa ya chini.

Sura ya Wubit haijui. Alicho nacho ni simu yenye vitu viwili: picha ya kadi ya manjano, na ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na tisa. Akikutana na Mhabeshi mwenzake njiani anamsikilizisha sekunde mbili tu za mwanzo, "Dada Shitaye, habari za leo?", kidole gumba kikiwa tayari kuzima. Baada ya hapo Wubit anaeleza habari za mwili wake, na hizo si za kusikilizishwa watu ngazini.

Kwenye mkono wa kushoto wa Wubit kuna kijiti cha kuzuia mimba. Muda wake umekwisha tangu miaka miwili iliyopita. Wubit hajui. Ana mchumba, na ana mkataba unaosema mfanyakazi akipata mimba anarudishwa kwao. Anaamini yuko salama kwa sababu kuna mtu alimhakikishia hivyo.

"Mtu huyo ni mimi," anasema Shitaye. "Watu wananifariji, eti kosa ni la wakala aliyewasafirisha. Wakala ana lake. Lakini aliyeulizwa ni mimi, na aliyejibu ni mimi."

Shitaye ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Dessie, akaja Beirut akiwa na miaka ishirini na mmoja. Anaosha ngazi za majengo sita na kupata kama dola mia mbili na sitini kwa mwezi. Chumba chake kinameza mia na ishirini. Jumanne na Alhamisi anatafsiri kwenye zahanati moja ya Burj Hammud, ambako wanampa dola hamsini kwa mwezi. Mwanamke wa Kihabeshi anayeogopa kumpigia mkunga humpigia yeye kwanza, na wengi wanaishia hapo hapo.

Kosa lenyewe lilitokea hivi.

Saa za Wahabeshi ni kama zetu: zinahesabiwa tangu jua kutoka. Miaka yao ndiyo tofauti. Wana miezi kumi na mitatu, mwaka mpya wao uko Septemba, na hesabu yao iko nyuma ya ile ya Wazungu kwa miaka saba au minane. Machi hii, ambayo kwa Wazungu ni ya mwaka 2024, wao wako 2016. Msichana akiondoka kwao anaondoka na mwaka wake. Kwa huo anahesabu mfungo, harusi ya mdogo wake, umri wa mtoto aliyemwacha kwa bibi. Mwaka wa Wazungu ni wa pasipoti na mkataba.

Kliniki ya wakala kule Addis Ababa, ambayo haitatajwa hapa, iliandika kadi zake kwa mwaka wa Wazungu, maana karatasi ni za safari. Haikumweleza mtu. Wala haikusema kijiti kinakaa miaka mingapi. Wasichana walipanga foleni, wakatoa mikono, wakaambiwa, "Hii ni ya safari." Kadi ikagongwa mhuri wa bluu na kuandikwa namba moja tu, mwaka wa kijiti kwisha: 2022.

Mwaka jana wakaanza kumwuliza Shitaye. Walimtumia picha za kadi, kwa sababu mtu anayelala kwa mwajiri hawezi kutoka Jumanne kwenda zahanati. Shitaye alitazama. Kichwani mwake ilikuwa 2015. Kadi inasema 2022. Toa kumi na tano kwenye ishirini na mbili.

Wubit alijibiwa kwa sauti, sekunde sita: "Bado sana, mdogo wangu. Una miaka saba mbele. Lala usingizi."

Hakuna ujinga hapo. Mhabeshi ukimwuliza mwaka anakupa wa kwao, na kitanzi cha miaka kumi kipo na kinajulikana, kwa hiyo kijiti cha miaka mingi hakikumshangaza. Ujinga, kama upo, ni kujibu bila kuuliza kiliingia lini. Shitaye analisema hilo mwenyewe, tena bila kuombwa.

Jambo lilifumuka Alhamisi moja, siku kumi kabla ya Jumapili hii. Msichana aitwaye Fantaye aliingia zahanati na tumbo la miezi minne. Mkunga, Najla Hobeika, mwanamke wa miaka hamsini na tano mwenye miwani ya kamba, alichukua kadi.

"Hiki kijiti kimekwisha muda," alisema Najla.

"Hakijaisha, sista," alisema Shitaye. "Soma vizuri. 2022."

"Nimesoma. 2022."

"Ndiyo. Bado miaka sita."

Najla alivua miwani. "Shitaye, leo ni mwaka gani?"

"Kumi na sita."

"Kumi na sita ya nani?"

Fantaye, asiyejua Kiarabu cha kutosha, alikuwa akitazama mdomo mmoja na kuhamia mwingine. "Wanasema nini?" aliuliza kwa Kiamhara. "Dada, wanasema nini?" Shitaye alikuwa mtafsiri, na kwa mara ya kwanza hakutafsiri.

Usiku ule alipekua simu yake yote. Kadi zenye mhuri wa bluu na mwaka 2022 zilikuwa kumi na moja. Fantaye alikuwa mmoja. Katika siku tisa aliwapata wengine tisa. Wawili walikuwa wamesharudi kwao, mmoja alikuwa amekitoa zamani kwa sababu ya maumivu ya kichwa, watano walikuja zahanati mmoja mmoja, wakapimwa, wakabadilishiwa. Mmoja alimtukana Shitaye tusi refu la Kigojjam, kisha akaja.

Akabaki Wubit. Simu yake haishiki. Wenzake wa kazi za ndani wanajua maana yake: simu inakaa kwa madam, mwajiri wao, hata Jumapili ya kushuka.

Saa sita mchana Shitaye yuko nje ya kanisa. Ibada imekwisha, shela nyeupe zimejaa uani. Ni wiki ya kwanza ya mfungo mkubwa, watu wana njaa na maneno mengi.

"Wubit wa Gojjam? Yule mfupi?"

"Sijui kama ni mfupi."

"Humjui na unamtafuta? Dada, wewe ni polisi?"

"Polisi angekuwa amekaa kivulini. Mfupi huyo yuko wapi?"

"Karudi kwao Krismasi."

Shitaye anauliza wanawake kumi na wanne. Hatoi sababu. Akisema tu neno "zahanati", neno hilo litapanda mlima kabla yake na kumfikia madam. Kwa hiyo watu wanajaza wenyewe: Wubit kaiba, Wubit kapata visa ya Kanada, Wubit kamchukua bwana wa mtu. Mpaka anatoka uani, ya bwana ndiyo imeshinda.

Saa nane anaingia kwa Askale, mama wa miaka sitini na mitatu anayepika injera, mikate myembamba ya kwao, kwenye chumba cha chini cha jengo lililopasuka ukuta. Askale anamsogezea kigoda. Shitaye hakai. Anakula mchuzi wa shiro akiwa amesimama, akichungulia mlangoni kila viatu vinapopita.

"Kaa chini, utajichoma koo," Askale anamwambia.

"Saa kumi na moja na nusu lazima awe njiani kurudi. Nina saa tatu na kidogo."

"Na ukila umekaa, saa zitapungua?"

Askale alifika Lebanon kabla wengi wa hawa wasichana hawajazaliwa. Akiulizwa wakati wao walijikinga na nini, anacheka hadi anashika kiuno.

"Sisi wa kwanza hatukuwa na kitu. Tulikuwa na hofu. Hofu ndiyo ilikuwa dawa yetu, asubuhi moja, jioni moja. Tulikuwa na majani tuliyoletewa na watu kutoka nyumbani, ukiyanywa unatapika siku mbili. Mimba haitoki, unatoka wewe."

Kisha anahesabu kwa vidole vyeupe kwa unga. Waliofuata, anasema, walikuja wakiwa wamechomwa sindano uwanjani kabla ya ndege, na baada ya miezi mitatu hawakuwa na wa kuwachoma tena. Wengine walipewa vidonge na madam zao. Hawa wa sasa wana vijiti.

"Kila kizazi kina chake. Lakini nikwambie kitu? Katika sisi wote, sijakutana na aliyeulizwa."

Nyuma ya pazia la chumba hicho analala Fantaye. Mwajiri wake alimpa mfuko wa nguo na nauli ya teksi siku ile ile aliyogundua. Fantaye anatokeza akifunga kanga kifuani. Shitaye hawezi kumtazama moja kwa moja.

"Bado hujampata?" anauliza Fantaye.

"Bado."

"Mimi langu limeshakuwa, nitalizaa na nitalilea. Wewe acha kunitazama viatu, mtafute mwenzangu."

Askale ndiye anayepata njia. Anageuza injera na kusema bila kugeuka, "Wa mlimani wana siku moja katika kumi na nne. Kanisani hawaendi wote, kwa rafiki hawaendi wote. Nywele wanasuka wote. Madam hapendi nywele zilizotimka. Nenda saluni, mpumbavu wewe, unagonga milango kama mwuza sabuni."

Saluni za Wahabeshi Nabaa ni tatu. Ya kwanza imefungwa. Ya pili kuna wasichana sita, na wote wanasema hapana. Ya tatu iko juu ya duka la betri, na Shitaye yuko katikati ya ngazi anaposikia mtu akicheka. Ni kicheko kizito, kinachotoka tumboni, na baada yake sauti inasema, "Vuta polepole, si mkia wa punda huo!"

Sauti hiyo Shitaye ameisikiliza mara mia kwa siku tisa. Anakaa kidogo kwenye ngazi. Ndiyo mara ya kwanza anakaa tangu asubuhi.

Wubit ana miaka ishirini na minane. Si mfupi. Nusu ya kichwa chake imesukwa, nusu nyingine imesimama kama moshi. Saa ya ukutani inaonyesha kumi na dakika ishirini.

"Wubit? Mimi ni Shitaye. Wa zahanati."

"Dada Shitaye!" Anataka kuinuka, msusi anamrudisha kwa bega. "Mbona umekonda kuliko sauti yako?"

"Nina neno. Twende kule kwenye beseni."

"Niko nusu."

"Njoo nusu hivyo hivyo."

Kwenye kona ya kuoshea nywele Shitaye anafungulia maji kwa nguvu, na chini ya mshindo wa maji anasema yote. Halisemi kwa kuzunguka. Mwaka ule ni wa Wazungu. Kijiti kimekwisha. Nilikudanganya bila kujua.

Wubit anaangalia maji. Anapoanza kusema, ile sauti nzito imekuwa nyembamba.

"Ile sauti yako ya sekunde sita sikuifuta. Nikiwa na wasiwasi naisikiliza. Madam akinipa simu dakika chache Jumamosi, kabla ya kumpigia mama yangu nakusikiliza wewe. 'Lala usingizi.' Nikalala."

Shitaye anafungulia maji zaidi.

"Jibu basi! Siku ile ulikuwa na majibu."

"Siku zako zikoje?"

"Siku zipi? Tangu waliponiwekea sijaona hata tone. Mwenzio ningejuaje?"

"Umekuwa na mwanamume lini mara ya mwisho?"

"Jumapili yangu iliyopita. Wiki mbili." Anafuta uso kwa taulo la saluni. "Nikipatikana na mimba, madam ananirudisha. Nikirudishwa, wadogo zangu wawili wanatoka shule. Hilo unalijua? Kwenye kadi halikuandikwa."

Choo cha saluni hakina kitasa, kwa hiyo Shitaye anashikilia mlango kwa mgongo wakati Wubit akipima kwa kipimo cha mimba kilichotoka mkobani mwa Shitaye. Msusi anaita, anataka kujua kama mteja wake amekufa. Kipimo kinatoka. Mstari mmoja.

"Mmoja ni nini?"

"Mmoja ni hapana. Lakini ni hapana ya leo. Wiki mbili ni mapema. Inabidi urudie Jumapili yako inayokuja, na Sista Najla atafungua zahanati kwa ajili yako. Nitamwomba."

"Kwa hiyo wiki mbili nyingine nakaa hivi?"

"Unakaa hivi. Na mimi nakaa hivi."

"Wewe unakaa kwako," anasema Wubit.

Msusi anamaliza upande wa pili mbio mbio, na unatoka umepinda. Kondomu anazopewa na Shitaye, Wubit anakataa kuzibeba, kwa sababu madam hukagua mkoba. "Mpe Idris. Yuko chini."

Idris, mchumba wa Wubit, ni Msudani, anafanya kazi kituo cha mafuta. Amesimama mbele ya duka la betri na mfuko wa machungwa ambayo yeye mwenyewe hatayala mpaka magharibi. Shitaye anamtia pakiti mkononi.

"Nini hiki, dada?"

"Mfungo."

Idris anachungulia, anafunga haraka. "Lakini mimi nimefunga tayari. Ni Ramadhani."

"Basi zitakusubiri Idi."

Kwa wiki mbili zilizofuata wapangaji wa majengo mawili walilalamika kwamba ngazi zilikuwa na maji muda wote. Shitaye alikuwa akiziosha mara mbili, nyingine mara tatu. Hakuweza kukaa chumbani. Alikuwa akifika zahanati kabla ya mlinzi.

Swali la kwa nini hajisamehe analijibu huku akikamua tambara. Alipofika Beirut, madam wake wa kwanza alimpa kidonge kila asubuhi pamoja na chai. Kilikuwa kidogo, cha rangi ya waridi. "Vitamini," aliambiwa. Alishukuru. Aliwaandikia nyumbani kwamba huku hata watumishi wanapewa vitamini. Miaka mingi baadaye, akiwa ameshatoka kwenye nyumba ile, aliingia duka la dawa kumnunulia jirani vidonge vya kupanga uzazi, na mwuzaji akamwekea mezani pakiti yenye vidonge vile vile.

"Madam hakuwa mbaya sana," anasema. "Alikuwa na watoto wa kiume wawili wakubwa, akaogopa. Lakini aliogopa kwa mwili wangu. Alinijibia swali ambalo sikuulizwa. Miaka kumi na moja."

Hana mtoto. Daktari alimwambia vidonge havikumharibu. "Kweli havikuniharibu. Ila miaka ndiyo iliisha. Nilipokuwa huru kutaka, nilikuwa nimeshachelewa kuwa na wa kumtaka naye."

Anamwaga maji. "Sasa mimi nami nimemjibia mtu. Nimekuwa madam."

Jumapili ya miadi, tarehe 31 Machi, Shitaye alisimama mlangoni pa zahanati tangu saa tatu asubuhi. Barabara zilikuwa zimejaa watoto waliovaa viatu vipya, na kila dirisha lilinuka nyama ya kondoo. Saa sita Wubit hakuonekana. Saa nane hakuonekana. Shitaye alikwenda saluni, akarudi. Alikwenda kituo cha mafuta. Idris hakuwa na habari, naye alianza kusogea huku na huku. Saa kumi alimpigia Najla.

"Hajaja. Sista, hajaja, madam kagundua!"

"Shitaye," alisema Najla, na nyuma yake kulikuwa na kelele za sahani, "leo ni siku gani?"

"Jumapili!"

"Ni Pasaka. Yetu. Nyumba zote za mlimani zina wageni. Unadhani madam gani anamtoa mfanyakazi siku ya Pasaka?"

Shitaye alikuwa kwenye wiki ya tatu ya mfungo. Kwake Pasaka ilikuwa bado siku thelathini na tano. Alikata simu na kujipiga kofi kwenye paji la uso, mbele za watu.

Wubit alikuja kesho yake. Madam alimfidia kwa Jumatatu, akampa na mfuko wa vileja vya tende, ambavyo hangeweza kula kwa sababu vina siagi. Zahanati ilikuwa imefungwa kwa sikukuu. Najla alifungua mlango wa nyuma akiwa na hereni za karamu.

"Msinishukuru," alisema. "Mama mkwe wangu yuko kwangu tangu juzi. Mgekuja hata na jino bovu ningewatibu."

Safari hii choo kilikuwa na kitasa, na Wubit alijifungia peke yake. Shitaye alitembea kutoka mizani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mizani. Najla alimwambia atulie, hakutulia. Dakika tatu za kipimo hicho zilipita, zikapita na nyingine mbili.

Wubit alitoka ameshika kipimo kwa vidole viwili. Mstari ulikuwa mmoja.

"Hii ni hapana ya lini?" aliuliza.

"Ya kweli," alisema Najla, na Shitaye akatafsiri.

Najla aliuchoma mkono sindano ya ganzi, akapasua kidogo, akakitoa kijiti. Kilikuwa kifupi kuliko njiti ya kiberiti. Wubit aliomba akishike. Alikigeuza kwenye kiganja, kile kitu kilichokaa naye miaka mitano badala ya mitatu, na kusema, "Ndiyo huyu? Nilidhani ni mkubwa."

Kisha Najla alipanga vitu mezani: kijiti kipya, kitanzi, sindano, vidonge, kondomu. "Mwulize anataka kipi," alimwambia Shitaye. "Na mwambie anaweza kutotaka chochote."

Shitaye alitafsiri, na hapo hapo akaongeza la kwake: "Chukua kijiti, mdogo wangu. Hiki kipya nitakiandika vizuri, nakuapia..."

"Umesema maneno mengi kuliko mimi," Najla alimkata. "Tafsiri tu."

Wubit aliwatazama wote wawili. "Nani achague? Mimi?"

"Wewe."

Hakukimbilia. Aliuliza kila kimoja kinafanyaje kazi, kinaumiza wapi, kinakaa muda gani. Vidonge alivisukuma kando: madam atavikuta. Kitanzi alikishika, akakirudisha. Shitaye alikuwa akiuma midomo. Ilichukua nusu saa.

"Sindano," alisema mwishowe.

"Sindano utairudia kila mara!" Shitaye alishindwa kujizuia. "Kijiti unakisahau."

"Nilikisahau, tukaona. Sindano ni miezi mitatu. Miezi mitatu haina mwaka. Hakuna wa kunikosesha hapo, si wewe, si wakala."

Najla aliomba atafsiriwe. Shitaye alitafsiri neno kwa neno, pamoja na lile la "si wewe". Mkunga alicheka, akavunja kichupa cha dawa.

Wakati wa kuandika kadi, Shitaye alishika kalamu kama kawaida. Wubit aliichukua mkononi mwake. Aliandika polepole, ulimi nje, mstari mmoja juu ya mwingine, tarehe ya sindano inayofuata: 23 Juni 2024, na chini yake, kwa herufi za kwao, 16 Sene 2016. Alihesabu kwa vidole kama inaangukia Jumapili yake. Inaangukia.

Kuanzia Jumanne ile, Shitaye na Najla wameanza kupitia kadi zote zilizobaki kwenye simu, tisini na nne. Wameshakuta tatu zenye mhuri wasioujua, na wenye kadi hizo wanatafutwa. Najla amekubali kwamba zahanati ifungue Jumapili moja kila mwezi kwa wanaolala kwa waajiri, na wanawake kumi na wawili wamejiandikisha kwa ya kwanza.

Siku hiyo Shitaye hataki kuandika hata kadi moja. Amenunua kalamu dazeni moja, na amemwomba Askale kuta za chumba chake cha injera abandike kalenda mbili, ya kwao na ya Wazungu, ubavu kwa ubavu, zikisomwa hata na anayekuja kula tu. Askale amekubali kwa sharti kwamba siku ya kubandika Shitaye akae chini, ale kama mtu.

"Wananiita daktari wa ngazi," anasema Shitaye. "Sitaki. Natamani ifike siku msichana aliyetoka kwao jana, ukimwuliza mkono wake una muda gani, asiseme 'ngoja nimpigie Shitaye.' Akunje shati, asome mwenyewe, na akitaka aniambie, asipotaka asiniambie."